Kusimulia Vita vya Wazee Wetu: Wajibu na Mipaka Yake

UTANGULIZI

Pana methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha, na ambayo hapa kwetu Kasese hutumiwa zaidi kufunga mazungumzo kuliko kuyafungua: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtu akivitaja vita vya Rwenzururu penye mkutano, hatakosa wa kumjibu kwa maneno hayo. Kijana akimwuliza babu yake alikuwa wapi miaka ile, huenda babu naye akayatoa hayo hayo, kisha akageuza mazungumzo kuwa ya kahawa na mvua. Sisi walimu tumezoea kuipokea methali hii kama hukumu iliyokwisha kukatwa, wala hatuulizi ilikatwa na nani.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali lililofunikwa na methali hiyo. Je, habari za watu waliopigana vita ni deni ambalo jamii haina budi kulilipa kwa kuzisimulia, au ni jeraha ambalo yafaa lifunikwe? Na ikiwa zisimuliwe, zisimuliwe na nani, mbele ya nani, na kwa mipaka gani?

Swali hili lina uzito wa pekee katika wilaya yetu, kwa sababu hapa vita havikuja mara moja vikapita. Wakonzo waliinuka dhidi ya utawala wa Toro na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na viongozi wao Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli wakauawa mwaka 1921. Baadaye wakaja askari wa Keya waliopelekwa ng'ambo kati ya mwaka 1939 na 1945. Kisha vita vya Rwenzururu, toka 1962 hadi 1982. Katikati ya hivyo likaanguka jeshi la Idi Amin mwaka 1979, na mwaka 1985 jeshi la NRA likaishika sehemu hii ya magharibi kabla ya kuingia Kampala Januari 1986. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera wakitokea ng'ambo ya mpaka. Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa mjini Kasese katika mapambano yaliyoishia kwenye jumba la Omusinga. Na usiku wa Juni 16, 2023, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala.

Tuseme basi kwamba katika darasa moja la kidato cha pili huko Bwera mwalimu anatoa kazi. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, nao unataka wanafunzi watoke darasani wakatafute maarifa kwa watu. Mwalimu anawaambia: nendeni nyumbani, mwulizeni mzee wa ukoo wenu habari za vita, mje mzisimulie kwa Kiswahili. Katika benchi la mbele yumo mtoto ambaye babu yake alikuwa mpiganaji wa Rwenzururu. Jirani yake ni mjukuu wa askari wa serikali aliyepelekwa mlimani kuwawinda wapiganaji hao. Nyuma yao ameketi msichana aliyefiwa na kaka yake huko Lhubiriha. Karibu na dirisha yuko mvulana ambaye mjomba wake alirudi kutoka msituni, akapokewa chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Darasa hili nimelibuni ili niwaweke mahali pamoja, lakini mwalimu yeyote wa upande huu anajua kwamba watoto wa namna hiyo wamo madarasani mwetu. Mwalimu atafanya nini siku ya kusoma kazi hizo?

DENI

Tuanze na upande wa deni, kwa maana ndio ulio wazi zaidi.

Katika Vita Kuu ya Pili Uganda ilitoa makumi ya maelfu ya vijana. Wengine walikwenda Madagaska mwaka 1942. Wengine walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika ya mwaka 1944, katika matope na malaria, hata ikaufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 katika bonde lile angekwisha kutimiza miaka 100 mwaka 2024. Maana yake ni kwamba ile hadithi ambayo hatukuiuliza tulipokuwa vijana, leo hatuna tena wa kumwuliza. Wachache waliwahi kusema wenyewe. Mganda mmoja, Robert Kakembo, aliyetumika katika jeshi hilo, aliandika kitabu kidogo kilichochapishwa mwaka 1946, An African Soldier Speaks, akieleza mawazo na matumaini ya askari Mwafrika. Lakini kwa kila Kakembo mmoja, maelfu walirudi vijijini, wakatundika koti la jeshi ukutani, wakafa nalo.

Kwa wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hali ni mbaya zaidi. Makadirio ya wanahistoria huhesabu wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na maradhi. Katika miaka ya 1920 yalisimamishwa masanamu ya ukumbusho Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, yakiwa na maneno ya Rudyard Kipling kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno hayo yanamwahidi aliyekufa kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Wala hakuna jina hata moja lililochongwa hapo. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri, katika ripoti yake yenyewe, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na nchi za mashariki, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kumbukumbu iliyo hai zaidi ya watu hao imebaki katika majina ya masoko: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la kikosi cha wapagazi. Watu hununua nyanya juu ya jina la jeshi la wafu, na aghalabu hawajui.

Katika mambo haya tunaona kwamba kunyamaza nako ni tendo. Asiyesimuliwa huondolewa mara mbili: kwanza kijijini kwake, kisha katika kumbukumbu ya watu. Na deni hilo halitegemei kama vita vyenyewe vilikuwa vya haki. Mpagazi hakuulizwa kama anakubaliana na Mfalme wa Uingereza. Twamdai hadithi yake kwa sababu ardhi tunayoikanyaga imefanyizwa na yale yaliyompata.

HATARI

Hata hivyo, wale wanaosema tunyamaze nao wana hoja, na hoja hiyo haitoki mbali. Inatoka hapa hapa Kasese, tena inatoka mikononi mwa mwalimu.

Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 alianzisha chama cha kuchunguza na kukusanya historia ya maisha ya Wakonzo. Ilikuwa kazi ambayo leo tungeisifu: kupanda na kushuka vilimani, kuwaketisha wazee, kuuliza na kuandika. Miongoni mwa mambo yaliyohifadhiwa na wazee ilikuwa habari ya Nyamutswa na wenzake, na namna walivyouawa. Habari hiyo haikuingia masikioni mwa watu waliotulia. Wakonzo na Waamba walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya hali yao chini ya ufalme wa Toro, kuhusu vyeo, elimu, lugha na heshima. Mwaka 1962 Mukirane, Yeremia Kawamara, Petero Mupalya na wenzao walitoka katika baraza la Toro, na Juni 30 mwaka huo Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi ya peke yake. Mwaka 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari. Mukirane alifia mlimani mwaka 1966, na kiti chake kikashikwa na mwanawe aliyekuwa bado mtoto, Charles Wesley Mumbere, ambaye aliteremka kwa mapatano Agosti 1982. Mwaka 2009 serikali iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu. Miaka saba baadaye yakatokea ya Novemba 2016.

Sisemi kwamba daftari la mwalimu Mukirane ndilo lililozaa vita. Vita vilizaliwa na malalamiko yaliyokosa masikio. Lakini hatuwezi kukana kwamba hadithi za wazee ziliupa uchungu mpya ukoo wa uchungu wa zamani. Mtu aliyenyimwa cheo mwaka 1960 alijiona ameketi pamoja na walionyongwa mwaka 1921. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi ya vita, na mwalimu anayeichukulia kuwa zoezi la insha tu hajui alichoshika mkononi.

Basi je, methali imeshinda? Naona bado. Hadithi isiyosimuliwa hadharani haifi. Huendelea kusimuliwa jikoni na vilabuni, usiku, na watu wa upande mmoja kwa watu wa upande huo huo. Huko hakuna wa kuuliza, "Na wale wengine je?" Mjukuu wa mpiganaji hurithi habari za vijiji vya kwao vilivyochomwa, mjukuu wa askari hurithi habari za wenziwe waliovamiwa njiani, wote wawili huja shuleni wakiwa wamejaa, wakakaa benchi moja, wakafundishwa ngeli. Hatari kubwa ya hadithi za vita haimo katika kusimuliwa kwake. Imo katika kusimuliwa mbele ya watu wetu peke yao. Na tukirudi kwenye methali yenyewe, mganga gani aganga yajayo bila kumwuliza mgonjwa yaliyompata jana?

KUSIMULIA, KUSIFU NA KUHUKUMU

Vurugu nyingi katika jambo hili hutokea kwa sababu twachanganya vitendo vitatu. Kusifu ni kazi ya watoa nishani. Kuhukumu ni kazi ya mahakama na tume. Kusimulia ni kazi ya tatu, na ina masharti yake: mtu aseme lililotendeka kadiri alivyoliona, msikilizaji alipokee bila kulivisha taji wala pingu.

Nchini mwetu walioandika habari za vita kwa vitabu ni makamanda zaidi kuliko askari. Rais Museveni aliandika juu ya vita vya msituni katika kitabu kilichotoka mwaka 1997; Pecos Kutesa naye akaandika mwaka 2006. Kila mwaka Februari 6 jeshi huadhimisha siku inayoitwa kwa Kiswahili Tarehe Sita, kukumbuka shambulio la Kabamba la mwaka 1981. Ni haki yao. Lakini vita vina watu wengine. Yupo mpishi. Yupo kadogo, yaani mtoto aliyebeba bunduki iliyomzidi urefu. Yupo mwanamke aliyepanda mlima usiku na kikapu cha mihogo, ambaye hakuna aliyemwita mpiganaji ingawa bila yeye mpiganaji asingeishi wiki mbili. Na yupo aliyetekwa akiwa mwanafunzi, akatumikishwa mizigo, kisha akapewa silaha. Huyo wa mwisho ni mwenye kutendewa na mwenye kutenda katika mwili mmoja. Kumwita shujaa ni uongo; kumwita mwuaji na kuishia hapo ni uongo pia. Lililobaki ni kumsikiliza.

Hapa elimu yetu ya lugha ina faida ambayo hatujaitumia vya kutosha. Msikilize mzee anayesimulia. Kwanza atasema, "Nyumba ziliungua." Ni kana kwamba moto ulijiwasha. Siku nyingine atasema, "Nyumba zilichomwa." Sasa pana mchomaji, ila hana jina. Huenda ipite miaka kabla hajasema, "Tulizichoma," na wengine hufa kabla ya kufika hapo. Mnyambuliko wa vitenzi tunaoufundisha ubaoni kama mazoezi makavu umekuwa kwake ngazi ya dhamiri, naye anaipanda polepole. Mwanafunzi aliyefundishwa kusikia tofauti ya kutendeka, kutendwa na kutenda atajua mzee amefika daraja gani, wala hatamsukuma. Vile vile atajua kutenganisha "niliona" na "nilisikia", maana nusu ya chuki iliyomo katika hadithi zetu imo katika mambo ambayo msimuliaji hakuyaona bali aliyasikia.

HAKI YA KUNYAMAZA

Mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii yafaa iandikwe mwanzoni mwa kila daftari la mtafiti. Deni tulilolitaja ni la jamii kwa aliyepigana. Si deni la aliyepigana kwetu. Yeye hatudai ruhusa ya kunyamaza. Wapo ambao kumbukumbu kwao si hadithi yenye mwanzo na mwisho; ni kitu kinachorudi usiku bila kuitwa. Kumtuma mtoto wa miaka 14 akamfungue mzee wa namna hiyo, kwa ajili ya alama, ni kumdhulumu mzee na mtoto pia. Je, mtoto huyo atafanya nini babu akianza kulia?

Na kuna mwenye haki ya pili, aliye rahisi kusahauliwa, naye ni yule aliyeumizwa na msimuliaji. Vita vyetu vilikuwa vya majirani. Aliyechoma na aliyechomewa huchota maji katika mto mmoja. Mpiganaji wa zamani akisimama mbele ya umma aeleze ushujaa wake, miongoni mwa wasikilizaji huenda yupo mjane wa siku ile. Uhuru wa kusimulia hauwezi kuwa mkubwa kuliko wajibu wa kujua nani ameketi mbele yako. Kwa hiyo ukumbi wa hadithi hizi, kwa maoni yangu, ni ule wa kimila kwanza: ekyaghanda, mahali pa moto wa jioni, ambapo mzee hakusema peke yake bali mbele ya wazee wenziwe, na aliyetia chumvi alirudishwa njiani.

KISWAHILI NACHO NI ASKARI WA ZAMANI

Imebaki habari ya lugha. Tusijidanganye: katika nchi hii Kiswahili chenyewe ni askari wa zamani. Kilijifunzwa na wengi katika kambi za Keya. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa watu wazima wengi wa Uganda, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, lete, lala chini. Ni kweli pia kwamba hapa Kasese kilikuja kwa njia nyingine, pamoja na wafanyakazi wa mgodi wa shaba wa Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956, na kwamba sokoni Mpondwe mwenye duka na mteja wake kutoka Kasindi huafikiana bei kwa lugha hiyo kila siku. Hata hivyo sauti ya amri haijasahaulika. Ndiyo maana mzee aliyekuwa jeshini husimulia mapigano kwa Kiswahili upesi upesi, lakini akifika kwenye kifo cha rafiki yake hurudi kwenye Kikonzo. Kambi ilimpa maneno ya kushambulia na kurudi nyuma. Haikumpa maneno ya kuomboleza.

Hapo pana kazi yetu. Kiswahili kinacho hazina kubwa ya maneno ya huzuni, ya toba na ya faraja. Washairi wetu wameitunza karne nyingi. Shaaban Robert alitunga utenzi mzima juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na Henry Muhanika akatunga juu ya vita vya Kagera. Tukiwafundisha watoto amri na barua za kazi tu, tutakuwa tumewapa Kiswahili kile kile cha kambini, kilichopigwa pasi. Isitoshe, katika darasa lile la Bwera wamo Wakonzo, Watoro na Wasongora, na ng'ambo ya mto Lubiriha wapo ndugu zao wa Kongo. Ikiwa habari itasimuliwa kwa lugha ya mmoja wao, wengine watajiona wageni katika msiba wao wenyewe. Kiswahili si cha upande wowote katika ugomvi wa Rwenzori. Kiliwahi kushikwa na wenye bunduki wa kila upande. Kwa sababu hiyo hiyo chaweza kushikwa na waombolezaji wa kila upande.

HITIMISHO

Walimu wenzangu, naona tusiiache kazi hii, wala tusiirukie. Napendekeza iongozwe na mambo machache. Mwanafunzi aombe ruhusa kwa mzee, naye mzee akikataa, kukataa kwake kupokewe kwa heshima kama jibu kamili. Habari ya upande mmoja isisomwe darasani mpaka imepatikana ya upande wa pili, hata ikichukua muhula mzima. Popote panapotajwa aliyepigana, patajwe pia aliyeumia. Majina ya watu walio hai yasiandikwe bila idhini yao, maana daftari la mtoto huweza kufika mbali. Kiswahili cha mzee kisisahihishwe; kikiwa cha Keya, kibaki cha Keya. Na mwisho, kazi ya namna hii isipewe alama. Mwalimu aliyeandika 12 juu ya 20 kwa wino mwekundu chini ya habari ya kijiji kilichoungua hajui alichosoma.

Kuhusu yule msichana aliyefiwa na kaka yake, yeye asilazimishwe kusoma wala kusikiliza. Aachiwe mlango wazi, atoke akitaka, arudi akitaka. Lakini kama siku moja atainua mkono, mwalimu na afunge kitabu, amwachie kipindi chote kilichobaki, na wale watatu wengine wageuke wamtazame.